Kuruhusiwa si Kutupwa: Majibu kwa Madai Saba ya Mwambao wa Mweru

Kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia maji ya Mofwe upande wa kusini hadi Kashikishi na Nchelenge, mgonjwa wa saratani iliyosambaa akiruhusiwa kutoka hospitali, wengi huhesabu kuwa mambo yamekwisha. Lawama humwangukia nesi, maana ndiye aliyewakabidhi ndugu karatasi na mfuko wa dawa. Daktari alishapita asubuhi.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kulifuatilia jambo hili. Ng'ambo ya ziwa ni Pweto na Kilwa ya Kongo. Tangu Januari 2018 makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yamewapokea Wakongo waliokimbia mapigano ya upande wa Katanga, na wengi wao wanazungumza Kiswahili. Wodi moja hukutanisha Kibemba, Kiswahili na Kiingereza cha wauguzi, na madai juu ya wagonjwa wasiopona huvuka lugha zote tatu bila kuhitaji mkalimani.

Madai hayo nitayajibu moja baada ya jingine. Ninachosimamia ni hiki: safari ya kutoka wodini hadi nyumbani ni sehemu ya tiba, na mwenye kuibeba ni nesi. Ikiharibika, aghalabu kosa si la nyumbani. Ni kwamba hakuna aliyemkabidhi mgonjwa kwa mtu anayejua la kufanya.

Dai la kwanza: "Hospitali ikimrudisha, imemtupa."

Dai hili lina ukweli ndani yake, na tuanze na ukweli huo. Mgonjwa anayetolewa na vidonge vichache vya paracetamol, bila maelezo na bila mtu wa kumfuata, ametupwa kweli. Hakuna jina zuri la kukifunika kitendo hicho.

Lakini kumhudumia mgonjwa nyumbani si njia ya kumkimbia, na Zambia inalijua hilo kuliko nchi nyingi. Mwaka 1987, ukimwi ulipoanza kujaza wodi na hakukuwa na dawa za kuupunguza makali, hospitali ya Jeshi la Wokovu ya Chikankata, kusini mwa nchi, ilianza kutuma timu za wauguzi na washauri vijijini. Miaka ya 1990 Dayosisi ya Kikatoliki ya Ndola ilijenga mtandao wa wajitoleaji wa huduma za nyumbani uliotazamwa na nchi nyingine kama mfano. Mgonjwa alikwenda nyumbani, na hospitali ilimfuata huko.

Tofauti kati ya kuruhusiwa na kutupwa ni kazi iliyofanywa kabla ya mgonjwa kuvuka mlango. Je, kuna aliyemwuliza anajua nini juu ya ugonjwa wake na anataka akae wapi? Je, anajulikana ni nani atakayelala naye chumba kimoja? Je, kituo cha afya cha karibu na kijiji chake kimepata barua na simu kwamba anakuja? Maswali hayo hayahitaji mashine wala maabara. Yanahitaji nesi mwenye muda wa kuyauliza.

Pima pia upande wa pili wa mizani. Tiba ya mionzi ilianza kutolewa Zambia katika Hospitali ya Saratani ya Lusaka, iliyofunguliwa mwaka 2007, na kutoka Nchelenge hadi huko ni takriban kilomita 1,000. Safari hiyo ina maana kubwa palipo na matumaini ya tiba. Palipobaki safari tupu, familia huuza nyavu na mtumbwi ili mgonjwa afie kwenye basi au katika mji asikomjua mtu. Na kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi unapofungwa kwa sheria, hata nauli ya kumrudisha marehemu haipatikani kirahisi.

Dai la pili: "La kuvunda halina ubani. Tiba shufaa ni ya wanaokata roho."

Tiba shufaa hulenga maumivu, kichefuchefu, vidonda, kukosa pumzi, hofu na mzigo wa familia pale ugonjwa unapotishia uhai. Haingoji tiba ya kuponya ikome. Huenda nayo sambamba. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi zote ziiingize katika mifumo yao ya afya, kuanzia ngazi ya jamii.

Ushahidi unaokanusha usemi huu ulichapishwa mwaka 2010 Marekani. Wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa waligawanywa makundi mawili: wote walipata tiba ya kawaida ya saratani, lakini kundi moja liliongezewa tiba shufaa tangu mwanzo. Kundi hilo lilikuwa na sonona pungufu na maisha yenye nafuu zaidi. Liliishi pia muda mrefu zaidi: kwa wastani wa kati miezi 11.6, dhidi ya miezi 8.9 ya wenzao.

Huo ulikuwa mji wa Boston, si Kashikishi, wala dawa zao si zetu. Hata hivyo mantiki inavuka bahari. Mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi ambaye halali kwa maumivu hawezi kustahimili wiki za mionzi Lusaka. Mpunguzie maumivu leo, na kesho ataweza kupanda basi.

Dai la tatu: "Mofini inaua, na asiyekufa atakuwa teja."

Hili ndilo dai zito kuliko yote, kwa sababu linaaminiwa na ndugu, na baadhi ya wahudumu pia. Chanzo chake kinaeleweka. Watu wamemwona mgonjwa akipewa mofini Jumatatu na kuzikwa Jumatano, wakaunganisha mambo mawili. Kilichotokea ni kwamba dawa iliogopwa kwa wiki nyingi, ikatolewa siku ambayo kifo kilikuwa tayari kimefika. Mofini ilikikuta kifo mlangoni, haikukileta.

Mofini ya kunywa ni unga unaochanganywa na maji pamoja na dawa ya kuzuia isiharibike. Nguvu yake hukaa mwilini kama saa nne, ndiyo maana hunywewa kila baada ya saa nne na si "maumivu yakizidi" peke yake. Mtu mzima huanza na kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 2.5 au 5, kisha huongezwa hatua kwa hatua kwa kufuata maumivu yake. Dozi ya usiku inaweza kuwa maradufu ili alale mpaka alfajiri. Nchini Uganda dawa hiyo hutiwa rangi ili ile hafifu isichanganywe na kali.

Je, inaweza kudhuru pumzi? Ndiyo, ikipandishwa ghafla, ikitumiwa bila kupunguzwa kwa mwenye figo zilizochoka, au ikinywewa na mtoto aliyeikuta mezani. Hatari hizo ni sababu ya kuwa na nesi anayefundisha na kufuatilia. Hazitoshi kuwa sababu ya kumwacha mtu apige kelele usiku kucha. Usingizi na kichefuchefu huja siku za mwanzo, kisha hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanza siku moja na mofini. Palipokosekana dawa hiyo, wauguzi wa Uganda wametumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa.

Kuhusu uteja, mambo mawili huchanganywa. Mwili huizoea mofini, hivyo haiachwi ghafla, hupunguzwa polepole. Mazoea hayo ya mwili ni kitu kimoja, na uchu wa mtu anayeitafuta dawa ijapokuwa inamharibia maisha ni kitu kingine. Mgonjwa wa saratani anayeomba dozi yake kabla ya saa anatuambia, mara nyingi sana, kwamba dozi haitoshi.

Adhabu ya kaburi aijua maiti, na maumivu ayajua mwenye nayo. Kwa hiyo nesi wa tiba shufaa hamkadirii mgonjwa kwa kumtazama usoni. Humwuliza, na asiyejua kusoma huonyesha kwa mkono: ngumi iliyofumbwa ni kwamba hakuna maumivu, vidole vitano vilivyonyooshwa ni maumivu yasiyovumilika. Kipimo hicho cha vidole kimo katika hojaji ya Chama cha Tiba Shufaa Afrika chenye makao Kampala, yenye maswali kumi: saba ya mgonjwa, matatu ya anayemuuguza.

Wanaohofia kwamba tutafurikwa na dawa hizi watazame takwimu. Jopo la jarida la Lancet lilionyesha mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 juu ya dawa za kulevya, unaotajwa kila mara kama sababu ya kufungia mofini kabatini, unakiri katika utangulizi wake kwamba dawa hizi hazikwepeki katika kutuliza maumivu, na kwamba nchi zinapaswa kuhakikisha zinapatikana.

Dai la nne: "Nesi hana mamlaka. Hiyo ni kazi ya daktari."

Anayesema hivi ajibiwe na Uganda. Hospice Africa Uganda ilianza kazi Kampala mwaka 1993, ikiongozwa na Dk. Anne Merriman. Ilionekana mapema kwamba madaktari ni wachache mno kuwafikia wagonjwa majumbani. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe. Hakuna gharika ya uteja iliyofuata.

Zambia nayo ina jibu lake katika ugonjwa ulio jirani kabisa na mada hii. Mwaka 2006 Lusaka ilianza mpango wa kuchunguza saratani ya shingo ya kizazi ambao mikono yake ilikuwa ya wauguzi. Wao ndio waliopaka siki, wakatazama, wakapiga picha, na wakatibu papo hapo dalili za mwanzo. Kazi iliyodhaniwa haifanyiki bila bingwa ilifanywa na manesi, na wanawake kwa maelfu wakafikiwa.

Sheria ya Uganda haivuki mpaka, na nesi wa Nchelenge afuate ya nchi yake. Lakini kuandika dawa ni sehemu ndogo ya kazi. Kupima maumivu na kuyaandika kwenye faili kila zamu, kumwambia daktari kwamba dozi ya jana haikufika alfajiri, kugundua kwamba mgonjwa hali kwa sababu kinywa kimejaa utando mweupe, kusaga vidonge vya metronidazole na kuvinyunyiza juu ya kidonda kinachonuka ili wajukuu waweze tena kukaa karibu na bibi yao: yote hayo yamo ndani ya uuguzi. Harufu ikiisha, wageni hurudi, na wageni wakirudi mgonjwa huanza kula. Daktari anaweza kuagiza, ila anayekuwapo saa nane za usiku ni nesi.

Dai la tano: "Tunajua kuuguza tangu enzi za mababu. Tufundishwe nini?"

Heshima ya dai hili haina ubishi. Zambia nzima inamjua bedsaida, yule ndugu anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa, anayepika nje ya wodi, anayefua na kuogesha. Bila yeye hospitali zingesimama. Moyo na uvumilivu anavyo tele.

Ila magonjwa ya leo yana mambo ambayo bibi zetu hawakukutana nayo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe upande mwingine kila baada ya saa mbili, la sivyo nyama ya makalio na visigino itaoza. Mofini hupimwa kwa bomba lisilo na sindano, si kwa kijiko chochote kilicho jikoni. Mwenye saratani ya shingo ya kizazi anaweza kutokwa damu nyingi kwa ghafla, na nesi mwenye busara huwaambia ndugu mapema waweke vitenge vya rangi iliyoiva karibu na kitanda, kwa kuwa damu juu ya shuka jeupe huwatisha mgonjwa na watoto kuliko damu yenyewe. Mgonjwa wa siku za mwisho akikataa ugali asilazimishwe. Mwili umeacha kuhitaji chakula, na kinachomsaidia ni kulowanishwa midomo.

Bedsaida aanze kufundishwa siku mgonjwa anapolazwa. Aoshe kidonda mbele ya nesi, apime dawa mbele ya nesi, aulize, akosee, arekebishwe. Maelezo ya haraka ya asubuhi ya kuondoka, gari likipiga honi nje, hayamfundishi mtu.

Kuna gharama ambayo watetezi wa huduma za nyumbani huipita kimya. Anayeuguza ni mwanamke karibu kila mara, na akizidiwa, msichana huondolewa shule. Kwa hiyo nesi anapouliza "nani atamwangalia?" asitosheke na jibu la "tupo". Aulize na zamu: nani mchana, nani usiku, na kaka zao wanafanya nini.

Dai la sita: "Visiwani haiwezekani. Hii ni anasa ya Lusaka."

Ugumu upo. Mtu wa kisiwa cha Kilwa au Isokwe hufikiwa kwa boti, na Mweru likichafuka hakuna anayevuka. Masika hukata njia za ndani. Dawa huisha bohari. Lakini ugumu huo ndio unaotaka mipango: palipo na hospitali mtaa wa pili mgonjwa anaweza kurudi kila akizidiwa, lakini wa kisiwani hana nafasi hiyo, kwa hiyo kila kitu lazima kiwe kimefikiriwa kabla hajapanda boti.

Vipande vya kazi hiyo vipo tayari. Hospitali ya St. Paul's ipo Kashikishi, wilayani Nchelenge. Tangu mwaka 2006 Zambia imeondoa ada za huduma za msingi vijijini. Kuna kamati za afya za mitaa, na kuna wahudumu wa afya ya jamii waliosomeshwa mwaka mzima na kuajiriwa na serikali. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuviunganisha: barua inayosema ugonjwa, dozi, tarehe ya dawa kwisha na matakwa ya mgonjwa, simu kwa nesi wa kituo, na ratiba iliyochorwa jua na mwezi kwa asiyesoma. Akiba ya dawa ihesabiwe kwa hali ya ziwa, si kwa kalenda ya ofisi.

Mpaka nao una hesabu yake. Mwishoni mwa 2021 UNHCR ilianza kuwarudisha kwa hiari Wakongo wa Mantapala upande wa Pweto. Mzee mgonjwa anayesema anataka kufia kwao anastahili kusikilizwa, lakini mofini ni dawa iliyo chini ya udhibiti wa kimataifa na haivuki mpaka mfukoni bila hati. Nesi anayelijua hilo huulizia mapema hati na kituo cha ng'ambo. Asiyelijua humruhusu mzee avuke na dawa ya siku tatu na maumivu ya miezi mitatu.

Dai la saba: "Ukimwambia ukweli, umemuua."

Wanaosema hivi wanatetea upendo, na wana haki ya kukasirishwa na mhudumu anayetamka "hakuna tunachoweza" akiwa amesimama mlangoni. Sentensi hiyo ni ya kikatili na pia ni ya uongo, maana maumivu yanatibika karibu siku zote.

Nesi mzuri hatamki, huuliza kwanza. "Mama, ungependa nizungumze nawe mwenyewe, au tumsubiri mjomba?" Kwa wengi wa bonde la Luapula ukoo hufuatwa upande wa mama, na mjomba ana sauti yake, hivyo mgonjwa anaweza kumwachia aseme. Akichagua kutojua, aheshimiwe. Akitaka kujua, aambiwe kidogo kidogo, kwa lugha anayoiota.

Kumficha anayetaka kujua kuna bei, na hulipwa na wanaobaki. Sheria ya mirathi ya Zambia ya mwaka 1989 inagawa mali ya aliyekufa bila wosia: watoto asilimia 50, mjane au mgane 20, wazazi 20, na wategemezi 10. Imetungwa kwa sababu wajane walikuwa wakinyang'anywa hadi sufuria. Lakini haigusi ardhi ya kimila, na ardhi ya vijijini kando ya ziwa ni ya kimila kwa sehemu kubwa. Mwanamume anayejua kuwa siku zake ni chache anaweza kuwaita wazee na mkuu wa kijiji, akaonyesha mbele ya mashahidi shamba la mihogo ni la nani na nyavu ni za nani. Aliyedanganywa kwamba atapona hafanyi hivyo, na mjane wake huja kujua siku ya matanga.

Kwa ndugu anayesoma haya akiwa na mgonjwa wodini, yapo mambo manne ya kuuliza kabla ya kukubali kuondoka. Nani atatupokea upande wa pili, na ameshajua? Dawa hii itatosha hadi siku gani, na ikiisha inapatikana wapi? Maumivu yakizidi au damu ikitoka usiku, tufanye nini cha kwanza? Na tumpigie nani? Majibu yakikosekana, kaeni kwenye benchi mpaka yapatikane, bila kumfokea nesi, kwani huenda naye anayatafuta. Na wakuu wa hospitali wanaompangia nesi huyo zamu waandike kazi hii kwenye ratiba yake kama wanavyoandika sindano na bandeji. Isipoandikwa hapo, wataendelea kumlaumu kwa kazi ambayo hawakumpa muda wa kuifanya.